Karatasi Zenye Asali

Wakusanye Waswahili wote wa Birmingham, kuanzia Newtown hadi Alum Rock, uwapange mstari, kisha uwaulize nani kati yao anajua kusoma Kiebrania. Atanyoosha mkono mtu mmoja tu, naye ni mimi, Maulid bin Mbarouk, mbadilishaji vioo vya simu. Sisemi naelewa kidogo au nababaisha. Nasoma. Harusini nimesoma, hitmani nimesoma, na mzee mmoja kutoka Wete alinisikiliza mpaka akatoa kitambaa akapangusa macho.

Siri ya elimu hii ni shule. Nilisomeshwa kwenye shule ya msingi ya Mayahudi, ile inayochangia ukuta na sinagogi lao. Watoto wao wenyewe walishapungua mjini, viti vimebaki vitupu, wakaingizwa wetu. Mama alipohakikishiwa kuwa jikoni mwao nguruwe hapiti hata kwa bahati mbaya, aliniandikisha siku hiyo hiyo, na miaka michache baadaye akapata kazi ya usafi palepale. Yeye na huva yake ya kufyonza vumbi, mimi na vitabu vyangu, jengo moja.

Aliyetufundisha Kiebrania ni Mwalimu Lasker. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kupiga kelele. Siku ya kwanza alitupa kila mmoja karatasi yenye herufi, akadondosha tone la asali juu yake, akatuambia tulambe. Ndivyo wanavyofanya wao, ili mtoto akumbuke kwamba elimu ni tamu. Nilipomsimulia mama, hakushangaa hata kidogo. Kwao Unguja aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, mtoto akanyweshwa kombe. "Sisi tunakunywa, wao wanalamba," alisema. "Yote ni mdomoni." Tangu siku hiyo alimhesabu Mwalimu Lasker kuwa mtu anayejua mambo.

Sasa tuje mwaka 2006, mwezi wa Juni, kwenye boksi.

*

Mwalimu Lasker alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne, na shule ilimwandalia hafla ya heshima. Barua zilitumwa kwa kila aliyewahi kukaa mbele yake. Yetu ilikuja na majina mawili, langu na la mdogo wangu Raisa, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Ilisema: njoo umuage mwalimu wako, nawe uchukue ukurasa wako wa kwanza. Kumbe yule bibi alikuwa amehifadhi, kwa miaka yote hiyo, ukurasa wa kwanza ulioandikwa na kila mtoto, nao uliodondoshewa asali vilevile. Mimi nilifikiri zile karatasi zilitupwa zamani. Nilicheka, nikaiweka barua juu ya friji, sikumsomea mama sehemu hiyo. Sikuwa na sababu yoyote. Nilikuwa na njaa.

Wiki moja baadaye, mama alirudi kazini na boksi kubwa kwenye gari lake la kusukuma la sokoni, kalifunika kanga. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, Kombe la Dunia liko kwenye televisheni, sahani ya chipsi iko juu ya tumbo. Raisa alikuwa chumbani kwake juu, miziki masikioni.

"Maulid, hebu punguza hilo dude," mama alisema. "Nina jambo."

"Sema tu mama, masikio yapo."

"Salat katwambia tuondoe kila kitu stoo, wapake rangi kabla ya sherehe. Kontena la taka limeletwa, wanaume wanatupia viti vibovu, mazulia. Nikaona hili limewekwa kwenye mstari wa kutupwa. Nimefungua, ni maandishi yao matupu. Nimeshindwa."

Salat alikuwa msimamizi wao kutoka kampuni ya usafi, Msomali aliyekulia Nairobi, mtu wa kukimbia toka jengo hili kwenda jengo lile na funguo hamsini kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Mwalimu mwenyewe umemuuliza?" nilisema, macho kwenye mpira.

"Mwalimu yuko hospitali, wanamtoa mtoto wa jicho. Harudi wiki hii." Mama alichomoa karatasi moja kutoka katikati ya boksi. "Zinanata, ona. Zina asali. Sasa wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nisomee. Kama jina la Mungu limo, nitajua la kufanya, kwa sababu hata wao hawatupi karatasi yenye jina la Mungu, Mwalimu alinieleza mwenyewe. Kama halimo, kesho nalirudisha boksi nikalifiche chooni kwa walimu mpaka apone."

Nataka muielewe vizuri nafasi niliyopewa hapo. Niliulizwa swali moja, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aliyenizaa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kupiga kelele, Raisa hebu shuka. Raisa alisoma shule ile ile, na yeye alikuwa anasoma kwelikweli.

Niliichukua karatasi. Niliziona zile herufi, nene, za mtoto, zimepinda kama meno ya mzee. Mpira ukapigwa kona. Nikasema, "Ni dua mama. Dua tupu."

"Zote?"

"Si ndiyo vitu wanavyowaandikisha watoto? Kila ukurasa."

"Basi alhamdulillahi nimewahi," mama alisema, na uso wake ukatulia kabisa, uso wa mtu aliyeokoa kitu. Mimi nikaiweka ile karatasi chini ya sahani isije ikanichomea kochi.

*

Jumamosi asubuhi alitawadha. Alitoa debe tupu la samli uani kwetu, kauga kadogo nyuma ya nyumba ya kaunsili ya mji, ukuta huku na ukuta kule, akachoma zile karatasi moja moja kama alivyomwona babu yake akichoma misahafu iliyochakaa. Hakuzimwaga zote mara moja. Angeona ni utovu wa adabu. Ilimchukua saa tatu. Majivu aliyafukia pembeni kwenye mnanaa, mahali ambapo hakuna mguu utakaopakanyaga. Alipoingia ndani kope zake zilikuwa zimeungua ncha, na alikuwa anafurahi.

"Akirudi Mwalimu nitamwambia," alisema. "Atafurahi."

Mwalimu Lasker alirudi Jumatatu, jicho moja limefunikwa pamba, akaenda moja kwa moja stoo. Boksi halipo. Wakati huo wote mama alikuwa anapiga deki korido, na alipomwona alimwachia tabasamu na kumweleza, kwa Kiingereza chake kinachotosha ndoo na fagio, kwamba asiwe na wasiwasi, zimechomwa vizuri.

Mama alituhadithia jioni hiyo. Alisema Mwalimu alishika kitasa cha mlango. Hakupayuka, hakulia. Aliuliza mara mbili tu, "Zote, Thuwaiba?" na mama akajibu mara mbili, "Zote," akijua anajibu habari njema, mpaka alipomwona Mwalimu anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwao hawachomi," Raisa alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Mum, kwao kuchoma ndiyo mbaya zaidi. Wanazika."

"Nilifukia majivu," mama alisema.

Raisa alinitazama mimi, akitafuta msaada. Nikainua mabega.

*

Mkuu wa shule alilalamika kwa kampuni, ofisi ikaandika barua, na barua ikasema mama afike kwenye kikao na anaweza kuja na mkalimani. Mkalimani ni nani? Msomi wa nyumba.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la mazulia. Tulikaa upande mmoja wa meza, upande wa pili mwanamke mmoja wa ofisi mwenye kalamu tatu, na Salat kwenye pembe akichezea funguo zake. Mama alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Aliwekewa maji kwenye gilasi ya plastiki, hakuyagusa, kwa kuwa hakujua kama ameruhusiwa kuyanywa kabla ya kuulizwa.

"Muulize," yule wa ofisi aliniambia, "ni nani aliyempa ruhusa ya kutoa mali ya mteja nje ya jengo."

Nilimuuliza. Mama alijibu kwamba liliwekwa mstari wa kutupwa. Salat alikohoa, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye alisema vitu vibovu tu. Halafu akaniinamia, kwa Kiswahili chake cha Eastleigh, "Pole sana, bro. Mimi pia niko na watoto." Na mimi nikaona kweli yuko nao, hata kabla hajasema, walikuwa usoni kwake.

"Hizo zilikuwa kazi za watoto za shule," yule wa ofisi aliendelea. "Muulize, je, kuna mtu yeyote aliyemwambia kwamba ni maandishi ya dini?"

Swali liliniingia kwa Kiingereza, na ilinibidi nilitoe kwa Kiswahili kwa mdomo wangu mwenyewe. Nililitoa. Nilijaribu hata kulifupisha. Mama alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama nilipokuwa mdogo, akiangalia kama nina homa. Aliogopa kwamba akinitaja watanibana na mimi, waniandike jina kwenye mafaili yao.

"Waambie sikumuuliza mtu," alisema. "Ni akili yangu mwenyewe."

Nyie mnanijua, mimi mtu wa maneno. Mteja akileta simu iliyotumbukia chooni namchekesha mpaka anasahau bei. Pale nilikuwa na neno moja tu la kusema na lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi. Nikamgeukia yule wa ofisi nikatafsiri: hakumuuliza mtu. Ni akili yake mwenyewe. Nilitafsiri sawasawa, sikukosea hata herufi.

Hawakumfukuza. Mwalimu Lasker alikuwa ameandika barua fupi ya kuwaomba wasimfukuze. Walimwondoa shuleni baada ya miaka kumi na mmoja, wakampeleka kwenye maghala ya Washwood Heath, kuanza kazi saa kumi na moja alfajiri, ambako hakuna mtoto, hakuna anayemwita kwa jina, kuna mashine ya kufuta sakafu na king'ora cha malori yanayorudi nyuma.

Njiani, ndani ya basi, mama aliniuliza jambo moja tu.

"Wanasema kazi za watoto."

"Watoto waliandika dua mama. Ndiyo kazi zao."

"Mm," alisema. "Nami nimejua hivyo." Akanipigapiga goti. Ndiyo, alinifariji yeye.

*

Hakutaka kwenda kwenye hafla. Alisema hana uso. Ikabidi Mwalimu Lasker apige simu nyumbani mwenyewe, Raisa akashika, akasikiliza, akamwambia mama, "Anasema usipokuja, naye haji, na keki imeshalipiwa."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kisha akaanza kuhangaika na zawadi. Mimi nilinunua boksi la chokoleti. Aliligeuza, akatafuta ile alama yao ya ruhusa, hakuiona, akalirudisha mkononi mwangu. "Miaka kumi na mmoja nimekaa kwao, nitawaaibisha leo? Tunda zima halina maswali." Akanituma Alum Rock nikaleta maboksi mawili ya maembe ya Pakistani.

Asubuhi ya hafla, Raisa alikuwa anasogeza kochi afagie. Nilimsikia anasema "oh," polepole. Sikuuliza. Nilikuwa napiga pasi kanzu.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wanaume wenye mvi na vijana wenye vitambi vya kwanza, wasichana wa mitandio, Masingasinga na vilemba vyao, Mayahudi wachache na vikofia vyao, na kofia yangu ya kiua ikapita humo bila mtu kuuliza. Kulwinder alikuwepo. Kulwinder alikaa kando yangu darasani miaka sita. Sasa ni msichana wa benki, ana kucha ndefu na gari lake mwenyewe.

"Maulid," alinikaribisha. "Bado hujalipa deni la vifutio."

"Andika kwenye akaunti yangu, meneja."

Mbele palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Pale ndipo kurasa zilikuwa zipangwe, kila mtu atafute wa kwake. Walikuwa wameitandika hata hivyo, na juu yake hapakuwa na kitu. Watu waliingia wakiielekea, wanafika, wanasimama, wanarudi. Mama aliwaona wote. Alikaa karibu na mlango, mkoba magotini, kama aliyekuja kumsubiri mtu. Nilimshika mkono nikamleta mezani kwetu.

Zilisomwa hotuba, akakabidhiwa saa ya ukutani, tukapiga makofi. Kisha Mwalimu Lasker alisimama. Jicho lilikuwa limepona lakini alipepesa sana.

"Niliwaahidi kitu na sinacho," alisema. "Hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo leo ni kipindi cha mwisho. Kuna karatasi kwenye meza zenu. Niandikieni tena ukurasa wa kwanza, kama mnavyoukumbuka. Mkikosea sitasahihisha."

Watu wakacheka, wakashika kalamu. Watu wazima mia na kitu waliinamisha vichwa, ukumbi ukawa na ile sauti ya darasa, kukwaruza na kuvuta makamasi. Raisa aliandika. Kulwinder aliandika, ulimi nje. Mama alinisogezea karatasi, nyeupe, laini, akaniwekea na kalamu.

"Andika, mwanangu," alisema.

Niliiegemeza kalamu kwenye karatasi, nikakunja uso kama mtu anayetafuta neno zuri zaidi. Nilitumaini keki italetwa.

Ililetwa badala yake miguu ya Mwalimu Lasker. Alikuwa anapita meza kwa meza, na alipofika kwetu alimwinamia mama, akamshika mikono yote miwili. Mama aliinuka. Nilijua amejiandaa, maana alianza kwa Kiswahili, haraka, asije akaishiwa na ujasiri.

"Raisa, mfasirie. Mwambie nimemkosea na naomba radhi. Lakini asidhani nilizichoma ovyo kama takataka. Sikufanya kwa ujinga. Kazini nilisema sikumuuliza mtu, nilisema uongo, nisimtie mtoto matatani. Nilimuuliza. Maulid alizisoma kwanza, akanihakikishia ni dua, kila ukurasa. Ndipo nikazipa heshima yake."

Raisa alinyanyua macho kwangu. Alitafsiri sentensi baada ya sentensi, na kila moja ilimtoka polepole kuliko iliyopita.

Mwalimu Lasker hakunitazama kwanza. Aliitazama karatasi yangu, ile nyeupe. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anauliza saa, "Ulizisoma, Maulid?"

"Moja," nilisema. "Kidogo."

Raisa alifungua mkoba wake. "Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Moja ilibaki, Mwalimu. Ilikuwa chini ya kochi." Akaitoa, imekunjwa mara mbili, ina duara la mafuta ya sahani yangu.

Mwalimu aliipokea kwa vidole vya pembeni. Akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali, akatikisa kichwa. "Bado sioni vizuri. Nisomee wewe."

Niliishika. Nilizitazama zile herufi zilizopinda, nazo zilinitazama. Nikafanya ninachofanya harusini. Nikafumba macho kidogo, nikatiririsha dua ya asubuhi, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya kughani. Mama aliposikia alishusha pumzi. Alimgeukia Mwalimu kama anasema, umesikia?

"Vizuri sana," Mwalimu Lasker alisema. "Hiyo ndiyo dua ya asubuhi. Lakini dua sijawahi kumwandikisha mtoto ukurasa wa kwanza. Niliwaandikisha nani yuko nyumbani kwao." Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akampa Raisa. "Nilijua tangu darasa la pili, Maulid. Kulwinder alikuwa anakunong'oneza. Nilidhani siku moja utachoka kunong'onezewa. Nilipaswa kukukatisha mapema, na hilo ni kosa langu."

Raisa alisoma bila kughani, kwanza kwa Kiebrania, kisha kwa Kiswahili chake kilichopinda. "Mama yangu ni Roselyne. Nyumbani tuko watatu. Tuna paka."

"Roselyne ni nani?" mama aliuliza.

"Mama wa mtoto mmoja," Mwalimu alisema, na Raisa akafasiri.

"Na zile nyingine?"

"Mama za wengine."

Mama alikaa. Niliona anazihesabu, saa tatu nzima, moja moja, ndani ya debe la samli. Alipouliza tena sauti ilikuwa ndogo.

"Na ya Maulid?"

Mwalimu Lasker alimsubiri Raisa amalize kufasiri. "Ya Maulid niliikumbuka kila mara, kwa sababu lilikuwa jina gumu kuliandika kwa herufi zetu, na yeye hakutaka nimsaidie. Iliandikwa: mama yangu ni Thuwaiba."

Mama hakunigombeza. Aliivuta ile karatasi nyeupe, akaipanga sawasawa mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa cha meza kabla ya wageni.

"Basi liandike tena," alisema. "Nilione."

Kalamu nilikuwa nayo. Niliishusha mpaka ikagusa, ikaacha nukta, nikaiinua. Kando yangu Kulwinder, ambaye hakuelewa Kiswahili lakini alimwelewa mtu mwenye karatasi tupu, alijiinamia kama anatafuta kitu chini ya meza, akafunika mdomo kwa kucha zake ndefu, na kuninong'oneza herufi ya kwanza.

Mama alimwona.